Utenzi Urudi Barazani: Namna ya Kuandaa Jioni ya Kusoma Pamoja

Tenzi za pwani yetu zilitungwa zighanwe. Wanawake walizinakili kwa mkono wakapeana nyumba kwa nyumba, na waliokuwa hawajui kuandika walizihifadhi kichwani. Leo nyingi zimelala kwenye makabati ya vyuo vikuu, na anayezifungua ni mwanafunzi anayetafuta shahada. Akishaipata, huzifunga tena.

Vyuoni huziita fani hizi insia: lugha, fasihi, historia, falsafa na jamaa zake. Nimesikia mara nyingi kwamba wananchi hawazitaki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa jioni za kusoma mtaani hapa Tanga, na sijakutana na huyo mwananchi asiyezitaka. Niliokutana nao ni watu waliochoka kuhutubiwa. Mpe mtu ubeti mmoja mkononi, mwulize maana ya neno moja ambalo huenda bibi yake alilitumia, uone kama ataondoka.

Nimeandika haya kwa mwalimu, mkutubi, mwanachuo aliyerudi nyumbani likizo, au mtu yeyote mwenye andiko analolipenda na majirani wa kulisoma nao.

Hatua ya 1: Chagua andiko lenye mizizi hapo ulipo

Usianze na kile kinachosifiwa zaidi vitabuni. Anza na kile ambacho watu wako wanaweza kukinyooshea kidole. Pangani na Tanga tunao utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, pwani yetu hii. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita hivyo dhidi yao, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na hapo mjini huhitaji kumweleza mtu Abushiri alikuwa nani. Lushoto na Korogwe zipo Habari za Wakilindi, watawala wa zamani wa Usambaa, za Abdallah bin Hemedi. Lindi na Kilwa upo utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Mombasa hamtamaliza mashairi ya Muyaka bin Haji. Dodoma, mchukueni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyeipa ngonjera jina. Na ndugu zetu wa Lubumbashi wanayo historia ya mji wao, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Natamani siku moja nikae nao wakiisoma kwa sauti.

Kama huna andiko la hapo kwenu, chagua lenye jambo linalozungumzwa kila nyumba. Ndiyo sababu mara nyingi mimi hutumia Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa visiwa vya Lamu. Ni mama mgonjwa anayemwusia binti yake. Hakuna mtaa usio na mama wa namna hiyo. Nitautumia huo kama mfano hadi mwisho.

Hatua ya 2: Pata nakala, na uheshimu haki ya aliyeihariri

Picha za hati nyingi za Kiswahili zilizoko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London, zimewekwa kwenye intaneti na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kulipa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa wa hati, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, wana hazina yao. Ukienda ofisi kama hizi nenda na barua yenye mhuri wa shule, maktaba au serikali ya mtaa, na utaje andiko unalolitaka kwa jina. Ombi la "mashairi ya zamani" tu litakurudisha nyumbani mikono mitupu.

Maneno ya mtunzi aliyefariki karne ya kumi na tisa ni ya watu wote. Utangulizi, tafsiri na sherehe (yaani ufafanuzi wa maneno) za mhariri wa kitabu kipya si za watu wote. Kwa hiyo nakili beti, andika maelezo yako mwenyewe, na mwambie kila mtu umenakili kutoka wapi. Usitoe kopi kitabu kizima ukakigawa.

Hatua ya 3: Kata mpaka paume

Utendi wa Mwana Kupona una beti zaidi ya 100. Jioni moja yatosha beti 12. Najua uchungu wa kukata, lakini mara moja nilileta beti 40 na tulipofika ya kumi na tano watu walikuwa wanatazama viatu vyao.

Katika hizo 12, chukua beti tatu za mwanzo ili watu wamjue anayesema, tano zinazobishaniwa, na nne nzuri tu, zisizo na hoja yoyote. Chapa kwa herufi kubwa, pointi 16 au zaidi, maana wenye hamu kubwa ndio wenye macho yaliyochoka. Acha nafasi pana pembeni ya kuandikia maana ya maneno, na nunua penseli. Karatasi moja, pande mbili, basi.

Nyuma ya karatasi weka beti zilezile kwa herufi za Kiarabu. Hili usiliruke. Hati zetu za kale ziliandikwa kwa herufi hizo, na herufi zenyewe hazikuwa na alama ya kila sauti ya Kiswahili. Be moja yaweza kusomwa *b*, *p* au *mb*. Fe yaweza kuwa *f* au *v*. Alama moja ya irabu ilibeba *e* na *i*, nyingine ikabeba *o* na *u*. Msomaji lazima awe anaijua lugha tayari ndipo maandishi yamfungukie. Ni kama kuitambua sauti ya mtu gizani.

Jioni moja alikuja mzee ambaye kila alipojaza fomu aliandikiwa "hajasoma". Aliletwa na mjukuu wake mwenye shahada. Nilipogawa karatasi mzee akaigeuza upande wa nyuma, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alikuwa amejifunza chuoni utotoni, kwa mwalimu wa Kurani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumpa karatasi yenye herufi zake. Mjukuu alikuwa anamtazama babu yake kama mtu aliyekutana naye siku hiyo. Tangu jioni ile sijawahi kuchapa upande mmoja.

Hatua ya 4: Mahali, saa na kibali

Baraza la nyumba, ua wa shule, veranda ya maktaba, kijiwe cha kahawa: popote watu hukaa wenyewe bila kualikwa. Ukumbi wenye jukwaa na viti vya safu huwageuza wasomaji kuwa watazamaji. Tandika mikeka, na weka viti vichache kwa wenye magoti mabovu.

Kwetu saa nzuri ni Jumamosi baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Kina mama wakikuambia saa hiyo wako jikoni, wasikilize wao, ubadilishe. Ramadhani, baada ya tarawehe. Mwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema. Kenya, mwarifu chifu. Kahawa chungu na kashata zinatosha. Gharama yako kubwa itakuwa duka la kutoa kopi.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni siku njema ya kuanzia kwa sababu hata viongozi hupatikana. Ila panga tarehe ya pili kabla ya ya kwanza kufika. Watu wataanza kukuamini mara ya tatu.

Hatua ya 5: Mtafute mghani

Kusoma utenzi kwa sauti ya taarifa ya habari ni kuuua. Unahitaji mtu anayejua mahadhi, na karibu kila mtaa wa pwani anaye: mwalimu wa madrasa, bibi anayeongoza kina mama kwenye maulidi, kijana wa kikundi cha kasida. Mpelekee beti wiki moja kabla. Kaa naye mara mbili. Mwombe aghani polepole kuliko anavyotaka. Kama ni mtu mzima, nenda kwake wewe, usimwite kwako. Na bahasha ndogo ya shukrani impate faragha, si mbele ya watu.

Hatua ya 6: Jioni yenyewe

Salamu, dua fupi ikiwa ndiyo desturi ya hapo, kisha ghani. Pasiwe na hotuba ya ufunguzi. Mghani apite beti zote 12 bila kukatishwa, watu wasikie kwanza hata kama hawajaelewa. Ndipo mrudi kwenye ubeti wa kwanza:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiyati*
*asa ukazingatia*

Usiueleze. Uliza: "Negema ndiyo nini?" Patakuwa na kimya, na kimya hicho usikijaze wewe. Mtu atasema ni kuegemea ukuta. Mwenye asili ya pwani ya kaskazini atasema hapana, ni kusogea karibu, njoo karibu yangu. Waliopita madrasa wataikamata *sanati* haraka: *sana* kwa Kiarabu ni mwaka, basi mchachefu wa sanati ni mwenye miaka michache, binti bado mdogo. *Upulike* huwa ni furaha ya wazee. Bibi mmoja aliyezaliwa Mombasa alijipiga paja: "Pulikani! Mama alikuwa akituita hivyo tukipiga kelele. Sijalisikia neno hili tangu nimzike." *Asa* huwa ya mwisho kupatikana: huenda, pengine. Mama anasema, *nisikilize, huenda ukayazingatia*. Hajiamini kwamba atasikilizwa. Mlipofika hapo, mama wote waliokaa mkekani huwa wamenyamaza.

Ubeti mmoja umekula dakika kumi na tano. Usiogope. Mkipita beti nne kwa namna hii na nane zikabaki za kughaniwa tu, jioni imefana.

Baadaye, watoto wakianza kuchoka, wahesabishe mizani kwa vidole: Ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane. Waache wagombane juu ya ile *n* ya binti mpaka wagundue kwamba nayo inahesabiwa. Waonyeshe vina: *ti, ti, ti*, halafu *a*, na hiyo *a* ndiyo inayofunga kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Kisha wape dakika kumi watunge ubeti wa kumjibu mama. Msichana wa kidato cha pili alituandikia huu:

*Mama nipe lako neno*
*nilishike kwa mkono*
*siku ya masengenyano*
*nipate kulitumia*

Kila mstari mizani nane. Hakuwa ameusikia utenzi wowote kabla ya saa ile.

Hatua ya 7: Ubishi utakuja, ukae nao

Mwana Kupona anamwambia binti yake kuwa kiumbe ana radhi tano za kutafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na hiyo ya mume anaisisitiza sana. Hapo ndipo mkeka hugawanyika. Wasichana watasema haya ni maneno ya kumfunga mwanamke. Wazee watasema vijana wamepotea. Mara ya kwanza lilipotokea nilikimbilia kutuliza, nikageuza mada. Nilikosea. Watu walikuwa wamelifikia jambo lenyewe, nami nikawafungia mlango.

Sasa nina sharti moja ninalolitangaza mapema: kila anayesema aonyeshe mstari. Asemaye "huyu mama anakandamiza" asome mstari unaokandamiza. Asemaye "huyu mama ana hekima" asome wenye hekima. Sauti hushuka zenyewe, kwa sababu macho yanarudi kwenye karatasi.

Hapo ndipo historia inapofaa, ubishi ukiwa umeiomba. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji uliosimama kupinga watawala wa Zanzibar. Aliandika akiwa anaumwa. Mwenyewe anasema maradhi yametimiza mwaka. Huyu hakuwa mwanamke asiyejua mamlaka ni nini. Na kuna mahali anamshauri bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Niliposoma mstari huo, mama mmoja fundi cherehani aliuliza, "Mtu unayemlea kama mtoto, mkubwa hapo nani?" Hatukumaliza ubishi ule. Waliendelea nao njiani, nikiwasikia mpaka kona.

Kuna jambo zito zaidi. Utenzi huohuo una ubeti unaomkataza binti kuchangamana na watumwa ila wakati wa kazi. Wapo watakaokushauri uuruke, na nia yao ni njema. Mimi naona usirukwe. Pwani yetu wanaishi wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, mara nyingine katika ukoo mmoja, na wanajuana. Ukiuficha ubeti huo, wale waliojua upo watajua pia umewaficha. Ila usiwashtue watu. Zungumza mapema na wazee wawili watatu wanaoheshimiwa na pande zote, waambie mtausoma, waulize nani aanze kuzungumza. Vivyo hivyo na tenzi za vita: humo mna majina, na aliyetajwa kuwa mwoga ana vitukuu vyake hapo mkekani. Nenda nyumbani kwao kabla ya siku, uwasomee beti hizo faragha.

Na mambo ya dini yakizidi, mwachie ustadhi aliyepo aseme lake kwa adabu, kisha mrudi kwenye karatasi. Mmekuja kusoma, fatwa ina mahali pake.

Mtaalamu aje, akae mkekani

Nawapenda watafiti, bila wao nisingepata hata hizo nakala. Mwalike mmoja kila unapoweza. Mwombe asije na slaidi, asianze yeye, na aseme dakika kumi baada ya watu kusema. Mpe maswali matatu: andiko liliandikwa lini, limetufikia kwa mkono wa nani, na nakala zinatofautiana wapi. Hilo la tatu watu hulipenda kuliko unavyodhani. Ukiwaambia kwamba mengi ya tuliyo nayo yamepita mikononi mwa wanakili kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewaandikia hati wataalamu wa Ulaya, na kwamba kila mnakili aliweza kubadili neno, watauliza: basi lipi ni neno la Mwana Kupona mwenyewe? Ndilo swali wanaloulizana maprofesa.

Mtaalamu naye apewe daftari. Kuna siku ataandika kuliko kusema.

Hatua ya 8: Rekodi kwa ruhusa, kisha rudisha

Simu ya kawaida inatosha, ikae karibu na mghani juu ya kitambaa ili isichukue mtetemo. Omba ruhusa kwa kila mtu, si kwa mkutano mzima kwa pamoja, kwa sababu mbele ya watu wengi ni vigumu mtu kusema hapana. Kina mama wengi hawataki sauti zao zizunguke WhatsApp. Ikiwa hivyo, zima. Walioridhia, kata sauti zao vipande vya dakika tatu, ubeti mmoja na mazungumzo yake, uvitume kwenye kundi la mtaa. Redio jamii pia huvipokea kwa furaha, mradi uvipeleke vikiwa vimekatwa tayari.

Jambo lenye thamani kuliko rekodi ni daftari la maneno. Gawa ukurasa safu nne: neno, maana iliyotolewa, aliyelijua alikulia wapi, na mfano wa sentensi aliyoisema mwenyewe. Jina la mtu usiliandike mpaka akubali. Baada ya jioni sita daftari letu lilikuwa na maneno ambayo sikuyaona katika kamusi yoyote niliyo nayo, na mengine niliyoyakuta yakiwa na maana tofauti na ile ya wazee wetu.

Toa kopi tatu za daftari hilo. Moja ikae kwenye maktaba au makumbusho ya hapo, moja utume TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kamusi hutungwa, na ya tatu irudi kwa waliosema. Hii ya tatu ndiyo husahaulika. Watu wetu wamehojiwa sana na watafiti waliopanda basi wakaondoka, na wanalikumbuka hilo. Peleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na umwonyeshe kila mmoja neno lake lilipo.

Karatasi zinazobaki za beti usirudi nazo nyumbani. Mwachie muuza kahawa azibane chini ya birika. Wetu alinipigia simu Jumatatu asubuhi: kuna wateja wawili wamegombania maana ya *usono*, niende nikaamue. Nilimwambia siamui. Nilimwomba awaulize mama zao, kisha aniandikie majibu yote mawili.